Kufufua gari ya zamani bila kuiharibu sura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanamjia kila mtu aliyepata gari ya miaka ya 50, 60 au 70 na anataka kuiendesha kweli, sio kuifunika turubai mwaka mzima na kuitoa siku ya maonyesho. Msimamo wa majibu yote ni huu: breki na waya kwanza, starehe baadaye, rangi mwisho kabisa, na chochote utakachofunga kiweze kufunguliwa bila kuacha tundu. Kama wewe ni wa kurudisha gari ilivyotoka kiwandani mpaka kibandiko cha chini ya boneti, mengi humu hutayapenda na hakuna ubaya.

Nikibadilisha vitu, bado ni gari ya zamani au imeshakuwa kitu kingine?

Inategemea umebadilisha nini na kwa njia gani. FIVA, lile shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lililoanza 1966, linataka gari iwe imefikisha angalau miaka 30, iwe imetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria, na isiwe ndo usafiri wako wa kila siku. Kwa hiyo ukitaka kwenda nayo kazini kila asubuhi tayari ushatoka kidogo kwenye hicho kipimo.

Kipimo cha gereji ni rahisi zaidi: je, fundi mwingine akija baada yako anaweza kuirudisha ilivyokuwa kwa spana tu? Relei (swichi inayowashwa kwa umeme) iliyofichwa nyuma ya deshibodi, ndio. Masta silinda mpya (pampu kuu ya breki) kwenye matundu yale yale, ndio. Ukuta wa injini uliokatwa kwa grainda ili giaboksi kubwa ipite, hapo hapana, hiyo haina kurudi. Na vya zamani usivitupe hata kama vimekufa: kabureta, dainamo, siti zenyewe, weka kwenye boksi, andika kimetoka wapi. Hasa injini yenye namba inayolingana na kumbukumbu za chesisi, siku ya kuuza hiyo ina thamani kuliko redio yoyote utakayofunga.

Nianze na nini? Rangi imechoka sana

Acha rangi. Najua inauma kuangalia, lakini ukipaka rangi leo alafu kesho ukagundua sakafu inahitaji kuchomelewa, cheche na moshi vitaila hiyo rangi na utalipa mara mbili. Piga picha kila kona kabla hujafungua hata bolti moja, bolti ziwekwe kwenye vifuko vyenye majina, alafu ingia chini ya gari na bisibisi ugonge gonge maboksi ya pembeni chini ya milango, sakafu, pale springi zinaposhika na kingo za buti. Pakitoboka, ndo umepata kazi ya kwanza.

Kuhusu kutoa kutu, mchanga wa presha unafaa kwa chesisi nene na vyuma vya kusimamishia gari, ila usiuelekeze kwenye boneti, mlango au paa, bati jembamba linapinda kama mkate uliolowa na halinyooki tena. Kwa bati tumia kitu laini au dawa. Na puti sio chuma! Bati lililoliwa linakatwa linawekwa jipya, puti ni ya kusawazisha tu juu ya chuma kizima, kwa sababu mkanda na siti vitashikilia hilo hilo bati.

Breki zangu ni za dramu pande zote, lazima niweke diski?

Sio lazima, na kama utafanya jambo moja tu kwenye gari nzima basi wala sio diski. Ni masta silinda.

Gari nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 60 zina masta silinda ya njia moja, yaani chumba kimoja kinasukuma fluidi ya magurudumu yote manne, sasa hozi moja ikipasuka au kasilinda kamoja ka nyuma kakivuja pedeli inazama mpaka sakafuni na huna kitu, unabaki na hendibreki na dua. Marekani ilizilazimisha gari mpya ziwe na njia mbili kuanzia 1968, na sio bure. Ya njia mbili inakaa pale pale au karibu na pale ilipokuwa ya zamani, ukiipaka nyeusi hakuna atakayeiona, na upande mmoja ukivuja bado una magurudumu mawili yanayoshika.

Baada ya hapo ndo tuongee diski. Diski sio mambo ya juzi, Citroën DS ilitoka nazo mbele 1955. Faida yake unaiona kwenye mteremko mrefu: dramu ikipata moto inatanuka, inakimbia viatu vya breki, na laini yenyewe (ile bitana ya kusugua iliyobandikwa kwenye viatu) inapoteza mshiko, unakanyaga na gari haisimami. Kama modeli yako ilikuja kuwekewa diski za mbele miaka ya baadaye, chukua za huyo mdogo wake, mara nyingi zinafunga bila kukata kitu. Lakini dramu zilizochongwa zikawa duara kweli, zenye laini mpya, silinda mpya, hozi mpya, na zilizorekebishwa sawa kulia na kushoto, zinashika vizuri tu kwa mwendo wa gari yenyewe. Wengi wanaolalamika breki za dramu hawajawahi kuendesha dramu nzima.

Ukihamia diski kuna mitego miwili. Masta silinda ya dramu huwa na kivalvu kinachobakiza presha ya kama psi 10 kwenye bomba, ukiipeleka kwenye diski hivyo hivyo pedi zitabaki zimebana na zitachemka barabarani. Diski inataka psi 2, na hiyo ni pale masta silinda iko chini ya sakafu, chini kuliko kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski), ili fluidi isirudi. Mtego wa pili, mbele kukiwa na nguvu mpya na nyuma bado dramu, mgawanyo wa presha unabadilika, na magurudumu ya nyuma yakitangulia kufunga gari inakuzungusha mkia. Weka valvu ya kupunguza presha ya nyuma na ujaribu sehemu pana isiyo na watu, kavu na maji.

Nitumie fluidi gani ya breki?

DOT 4 inatosha. Ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini inanyonya unyevu wa hewani na ikishalowa kiwango chake kinashuka mpaka 155, ndo maana inabadilishwa kama kila miaka miwili hata kama gari imelala tu. DOT 5 ni silikoni, haili rangi na wenye gari za kulala wanaipenda, ila usiichanganye na nyingine kabisa. DOT 5.1 jina linadanganya, hiyo ni ukoo wa DOT 4, sio silikoni.

Gari haikuja na mikanda kabisa. Naweza kufunga?

Unaweza na ufunge, ila kazi sio mkanda, kazi ni pale unaposhika. Mkanda wa pointi tatu tunaoujua ulitengenezwa na Nils Bohlin wa Volvo, 1959, na kampuni ikawaachia wengine watumie hiyo hataza, kwa hiyo gari nyingi za miaka ya 60 zina sehemu za kufungia zilizoachwa tayari, zimefunikwa na kapeti au kifuniko cha plastiki. Tafuta kwanza kabla ya kutoboa. Bolti za mikanda kwa kawaida ni za inchi 7/16 meno ya UNF, ukikuta tundu la hivyo kwenye nguzo ya mlango au sakafuni umebahatika.

Kama hakuna, usitoboe bati ukaweka washa ndogo ukasema tayari. Kwenye ajali mwili wako unavuta kwa uzito mara nyingi ya ulionao na bolti itachomoka na kipande cha bati. Inatakiwa pleti ya chuma nene nyuma ya bati, pana, kona zimeviringwa, ikiwezekana ichomelewe kwenye sehemu yenye boksi. Kwenye gari yenye bodi ya mbao au faiba shika chesisi au fremu ya chuma.

Pointi ya juu ikae usawa wa bega au juu yake. Ikiwa chini, mkanda unakuvuta bega kwenda chini na uti wa mgongo ndo unaumia. Hapo ndo shida ya gari za kukunja paa na zile zisizo na nguzo ya katikati, hazina pa kushika juu, na wengi wanaishia na mkanda wa kiunoni. Wa kiunoni peke yake sio kitu cha kujivunia, kichwa kitaenda kwenye usukani, ila unakuzuia kutupwa nje. Na zile rili za kujivuta zina mwelekeo wake, zikifungwa kwa pembe tofauti na zilivyotengenezewa zinaganda au hazikamati.

Kwa muonekano, chagua utepe wa kijivu au mweusi na kifungio cha chuma kinachong'aa cha mtindo wa zamani. Mtu akichungulia dirishani atadhani ilikuja nayo.

Vipi siti zenyewe?

Hii watu wanaisahau. Siti nyingi za zamani za milango miwili mgongo wake unakunjika mbele na hauna kufuli, breki ya ghafla tu abiria wa nyuma anakuja na siti yote. Weka kufuli la mgongo. Alafu fungua kiti, manyoya ya farasi na springi zilizolegea toa, weka povu jipya la ugumu tofauti, gumu chini laini juu, ukirudishia kitambaa kile kile hakuna anayejua ila kiuno chako kinajua. Pa kuegemeza kichwa ni bora pawepo kwa ajili ya shingo. Kama sura inakusumbua, tafuta za modeli ya miaka ya mwisho ya gari hiyo hiyo.

Naweza kubeba watoto?

Mtoto mdogo anahitaji kiti chake na hicho kiti kinahitaji mkanda uliofungwa kwenye pointi imara. Kama nyuma hakuna pointi imara, mtoto asipande, hata kama ni mwendo mfupi.

Waya ni za kitambaa na gari ina fyuzi mbili tu. Niziache?

Usiziache! Gari nyingi nzuri zimeungua zikiwa zimepaki kwa sababu ya waya. Ile insulesheni ya mpira na kitambaa ikishakauka inapasuka ukiikunja, chuma kinagusa bodi, na kwa kuwa baadhi ya saketi hazina fyuzi kabisa waya unageuka hita. Kuna waya seti nzima zinatengenezwa mpya zikiwa na nje ya kitambaa kama ya zamani ila ndani plastiki ya kisasa, hizo ndo za kununua. Boksi la fyuzi za kisasa lifiche chini ya deshibodi au nyuma ya boksi la glavu, la zamani libaki pale pale kama pambo. Ongeza swichi ya kukata betri, iweke pa kufikika haraka, na mtungi wa kuzimia moto karibu na mkono wako, sio chini ya mizigo kwenye buti.

Dainamo au alteneta?

Zote mbili kazi yake ni kuchaji betri, ila chukua alteneta, kama utawasha taa usiku na feni na kitu kingine chochote. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyaga mafuta, dainamo haichaji cha maana, ukikaa foleni na taa betri inashuka. Zipo alteneta zilizojengwa ndani ya ganda linalofanana na dainamo, kwa mbali hujui.

Kabla ya kufunga angalia ethi. Gari nyingi za Uingereza za mpaka katikati ya miaka ya 60 zina betri iliyofungwa chanya kwenye bodi, na alteneta za kawaida zinataka hasi. Kugeuza sio kugeuza betri tu: koili inabadilishwa waya zake, mita ya ampea itasoma kinyume mpaka ugeuze nyaya, redio ya zamani inaweza kufa, na pampu ya mafuta ya umeme uiangalie kama inajali upande. Fanya yote siku moja, na uandike kibandiko karibu na betri ili fundi wa kesho asilipue.

Kama ni volti 6, ukihamia 12 unapata taa nzuri na spea rahisi, sababu kwa wati zile zile ampea zinashuka nusu. Balbu zote, koili, geji na mota ya waipa zinahitaji kubadilishwa au kupunguziwa volti. Stata ya volti 6 mara nyingi inavumilia 12 kwa vile inazunguka kwa sekunde chache, ila usiikanyagie muda mrefu.

Taa hazioni mbele. Niweke LED?

Kwanza pima volti kwenye balbu yenyewe. Umeme wote wa taa unapita kwenye swichi ya miaka 60, ukifika mwisho volti zimepotea njiani. Relei mbili na waya nene kutoka betri, balbu ile ile, unaweza usiamini ni gari ile ile. Kisha badilisha taa nzima kuwa ya balbu ya H4 ya wati 60/55, glasi yake kwa mbele inafanana na ya zamani.

LED ya kuchomeka kwenye rifleta iliyotengenezewa balbu ya kawaida mara nyingi inatawanya mwanga hovyo na kumpofua anayekuja. Nyuma ni hadithi nyingine: taa za breki za zamani ni ndogo na hafifu, LED nyekundu nyuma ya lenzi nyekundu inasaidia sana, ila indiketa zitawaka mbio mpaka uweke flasha ya elektroniki. Na taa ya tatu ya breki, ile ambayo Marekani iliilazimisha kwa gari ndogo za 1986, unaweza kuweka utepe mwembamba ndani ya kioo cha nyuma, ikizimwa haionekani.

Usukani mzito sana, nifunge pawa?

Subiri. Pima upepo wa tairi, tia grisi kingipini na joint zote, angalia alaimenti, alafu angalia kama aliyekutangulia hakufunga tairi pana. Uzito mwingi unaishia hapo. Ukishindwa kabisa, kuna mota ya umeme inayokaa kwenye shafti ya usukani chini ya deshibodi, haionekani, ila inakula ampea nyingi kwa mkupuo, kwa hiyo alteneta iwe imeshatangulia. Ukiwa umefungua huko, kama shafti ni chuma kimoja kilichonyooka toka boksi la stiringi mpaka kifuani kwako, tafuta ya modeli ya baadaye inayojikunja au iwekewe joint mbili. Ile ya chuma kimoja kwenye ajali ya mbele ni mkuki.

Tairi za zamani au za radial?

Radial, zenye ukuta mrefu na upana ule ule. Usichanganye aina mbili, na hasa usiweke radial mbele na zile za zamani za nyuzi za kukatizana nyuma, mkia utakutoka kwenye kona. Na usidanganywe na kashata (meno ya tairi) ndefu: soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kama kuna tarakimu tatu tu hiyo tairi ni ya kabla ya 2000, itoe leo.

Gari inachemsha kwenye foleni

Rejeta ioshwe ndani au ibadilishwe kiini, mfuniko wake uwe wa presha sahihi, thamostati iwepo (kuitoa sio dawa), na feni ya umeme iwekwe nyuma ya rejeta mbali na macho. Rejeta ya alumini ukiipaka nyeusi inaonekana ya kawaida.

AC inawezekana?

Inawezekana, ila iwe ya mwisho kwenye orodha. Kompresa ndogo ya kisasa, hozi za kuzuia gesi, kipoozeo chini ya deshibodi, na swichi zile zile za hita ya zamani ndo ziendeshe. Jua tu kwamba inakula nguvu ya injini, na injini ya lita 1.2 utaisikia inavyoguna. Kama gari ilikuja na AC ya kiwandani ya gesi ya R12, usiongeze R134a juu yake: oili ya zamani haichanganyiki na gesi mpya, mfumo unaoshwa, unawekwa oili ya PAG au esta, siili na hozi mpya.

Kabla ya hayo yote ziba matundu ya ukuta wa injini, kagua valvu ya hita kama inafunga kweli, na tandika mati za butili sakafuni na milangoni. Huna haja ya kufunika kila inchi, robo ya bati inatosha kuua mtetemo, juu yake weka povu lisilonyonya maji. Matundu ya kutolea maji chini ya milango usiyazibe. Kelele zikipungua na joto la miguuni likiisha, wengi hawaitaki tena hiyo AC.

Petroli ya sasa itaua injini?

Petroli yenye risasi ya magari iliisha duniani 2021, Algeria ikiwa ya mwisho, na siti za valvu za zamani zilitegemea hiyo risasi. Ukiendesha taratibu hakuna haraka, subiri siku silinda hedi inashuka ndo uweke siti ngumu. Cha haraka ni hozi: etanoli inakula mpira wa zamani, weka zilizoandikwa R9. Na pampu ya umeme ya mafuta iwekewe swichi inayojikata gari ikigonga.

Naweza kusafisha breki za zamani kwa upepo wa kompresa?

Hapana. Laini nyingi za zamani, pleti za klachi na gasketi zina asbesto. Lowesha, futa, vaa barakoa ya maana, usipulize.

Nikimaliza naweza kwenda safari ndefu hapo hapo?

Zunguka karibu kwanza. Kaza nati za magurudumu tena baada ya kilomita kadhaa, gusa kila rimu kwa mkono uone kama kuna inayopata moto kuliko nyingine, angalia kiwango cha fluidi, ingia chini na karatasi nyeupe uone kinachodondoka. Shika waya za relei, zisiwe za moto. Mwambie mtu wa bima kila ulichobadilisha na picha umpe, akikataa mkanda na breki za njia mbili tafuta bima nyingine.